Nilimnyanyua Tu

...na hiyo imeingia mbavuni, alijua kwa mlio, maana teke la mbavuni halilii kama kofi, linalia kama godoro linalokung'utwa, hiyo ni ya kaka mkubwa, kuli wa saruji, miguu yake mizito tangu utotoni, na yeye mshona mapazia amesimama ndani ya chumba chake cha kushonea, bega kwenye mlango wa chuma unaotokea uani, komeo kalisukuma kwa mkono wake mwenyewe, simu sikioni, anawasikiliza kaka zake wawili wakimpiga mume wake na moyoni anawaambia ongezeni, bado, huyo mifupa yake migumu, fundi bati huyo, kazoea kudondoka kutoka mapaani, msimwonee huruma, na simuni daktari wa watoto anasema "mama, majibu ya damu ya mtoto yametoka, una nafasi tuongee?" na yeye anajibu ndiyo daktari, nafasi ninayo, kwa sauti ileile anayowajibia wateja wa mapazia, nje kofi, kofi tena, kisha kitu kama ndoo kikabingirika, na kaka mdogo, kinyozi, mpole wa watu, anahema na kusema "sema, shemeji, sema ulimfanya nini mtoto," anampiga na bado anamwita shemeji, siku nyingine angecheka mpaka ashike tumbo, leo hacheki, leo anataka asikie kitu kikivunjika... mtoto kalala kwenye godoro dogo pembeni ya cherehani, mkono wa kushoto plasta nyeupe kuanzia juu ya kiwiko mpaka kwenye vidole, vidole vyeusi vinachungulia mwishoni, mtoto wa miaka miwili na ushei, Yai, jina walilompa majirani kwa utani kwa kuwa mama yake anamlea kama yai, haya basi, yai limepasuliwa, na aliyelipasua yupo hapo uani kwenye jua kali anakula anachostahili, na mbona halii, hilo ndilo linalomkata maini, mtu anayeonewa hupiga kelele, huita majirani, huapia kaburi la mama yake, huyu kimya, anapokea kama gunia, na kimya chake ndicho ushahidi, mwenye hatia hana la kusema, "mama, upo?" nipo daktari, "kwanza mtoto anaendeleaje, anakula?" anakula daktari, kalala, na hapo hapo sauti ya mkanda, huo ni mkanda, kaka mkubwa kavua mkanda, mshona mapazia akafumba macho, akaupokea mlio ule kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji, akaona aibu kidogo kwa utamu wake, kidogo tu, ikapita.

"Hizo kelele ni za nini, mama, nikupigie baadaye?" na yeye akasema hapana daktari, ni fundi, kuna fundi wa bati hapa uani, na jinsi lilivyomtoka, bila kufikiri, hakusema uongo kabisa, fundi wa bati kweli yupo uani, na kelele kweli ni zake... "haya, basi nisikilize vizuri," anasikiliza, lakini kichwa kinarudi juzi jioni kama sindano inavyorudi kwenye tundu lilelile, juzi jioni fundi karudi kazini, viatu vyeupe kwa vumbi, mtoto akamsikia mlangoni akamkimbilia na vile vimiguu vyake vya upinde, maana Yai alichelewa kutembea na alipotembea alitembea kama mpanda farasi, matege kama ya baba yake, walikuwa wakicheka, yeye alikuwa akimwambia fundi mtoto kakuchukua wewe mpaka miguu, na fundi akainama, akamshika mikono yote miwili, akamnyanyua juu, na yeye mshona mapazia kawapa mgongo, yuko kwenye cherehani, akasikia kitu, ka, sauti ndogo, kama uzi mnene unapokatwa kwa meno, kisha ukelele ambao mpaka sasa uko ndani ya sikio lake, hautoki, na alipogeuka fundi kasimama mikono hewani kama mtu aliyeshikwa na polisi, anasema "nilimnyanyua tu, nakuapia, nilimnyanyua tu," tu, hiyo tu ndiyo iliyomhukumu, maana yeye neno hilo analijua, kalelewa nalo, baba yake aliyempiga mama yake mpaka sikio moja likafa alisimama vilevile katikati ya chumba, mikono hewani vilevile, akasema nilimgusa tu, na siku ya jino, nilimsukuma tu, na siku ya kiwiko, nilimvuta tu, wanaume wote wana hiyo tu mfukoni kama funguo, wanaivunja nyumba halafu wanaitoa, nilifunga mlango tu... nje kaka mkubwa anasema kitu hakusikika vizuri, kisha "...ukiongopa tena," kisha teke, vizuri, vizuri kaka yangu, na simuni daktari anasema "tulipima vitu kadhaa, madini, na vitamini D, na hiyo vitamini D ya mtoto, mama, iko chini sana, sijawahi kuiona chini hivyo kwa mtoto anayekula vizuri," na yeye anajiuliza vitamini inahusiana nini, mtu kamvunja mwanangu mkono wewe unanihubiria vitamini, si nyinyi wenyewe pale hospitali, si yule daktari kijana mwenye miwani, aliyemwambia fundi subiri nje baba, akafunga mlango, akavuta kiti karibu, akauliza kwa sauti ya chini, nyumbani kuko salama, mama? akanionyesha picha ya eksirei kwenye kioo, hapa ndipo pamevunjika sasa, na hapa, unaona, ubavuni, kuna ufa wa zamani unaopona, je, aliwahi kuanguka? hajawahi kuanguka, mtoto wangu hajawahi kuanguka hata siku moja, nani amruhusu aanguke, basi ufa wa zamani umetoka wapi, na hapo akayaona yote, kila siku alipomwacha mtoto na baba yake akaenda kupima madirisha ya watu, kila siku aliporudi akakuta mtoto analia na fundi anasema sijui ana nini leo, anakataa kushikwa, anakataa kushikwa, ndiyo, ungeshikwa wewe na mikono ile inayokunja bati ungekubali? akarudi nyumbani kimya, akapika kimya, akalala na muuaji kimya, na leo asubuhi akampigia kaka mkubwa maneno matatu, amemvunja mtoto mkono, manne basi, kushoto, na kaka mkubwa hakuuliza la pili, alisema tu nakuja, na aliyemgusa huyo mtoto atatambaa.

"Nikuulize, mama, mtoto huwa anatoka nje? Anapata jua?" na hili angalau ni swali analolijua, hili analo jibu lake safi, akajinyoosha pale mlangoni, akasema hapana daktari, jua halimgusi, akasema kwa fahari kabisa, kama mtu anayeulizwa kama nyumba yake ina kunguni, jua halimgusi mwanangu, tangu azaliwe, nikitoka naye ni mbeleko na mwavuli na shuka juu, humu ndani mapazia mazito, nashona mwenyewe, yale yenye mpira nyuma, hata mchana unawasha taa, na losheni ya kuzuia jua nampaka asubuhi na mchana hata akiwa ndani, daktari akasema ngoja kidogo, karatasi zikafunuliwa, na kwenye upenyo huo zikaingia sauti za uani zote kwa pamoja, pumzi, mchanga unaburuzwa, kaka mdogo anasema "inatosha kaka?" na kaka mkubwa anasema "haijaanza"... na daktari anatafuta nini kwenye makaratasi, hajui, huyu hajui jua, jua analijua yeye, atamfundisha yeye jua, alipokuwa msichana duka la vitambaa, muuza vipodozi wa jirani akamkorogea kikopo, cha mzungu hiki, sijui cha dawa hiki, changanya, paka usiku, na kweli akatakata, miezi michache tu wateja wanamwita mrembo badala ya wewe, mwenye duka akamtoa stoo akamweka mbele, mkorogo ulimpandisha cheo, kisha likaja jua, jua lilelile alilocheza nalo utotoni bila kofia, likamla, mashavu yakawaka kama kamwagiwa mafuta ya moto, yakavimba, yakatoa maji, yakabanduka vipande, yakabaki mabaka haya, meusi hapa, mekundu pale, mpaka leo akisimama juani dakika chache anasikia ngozi inapigwa, inapigwa kweli, na fundi, siku ya kwanza kuonana, fundi alikuwa juu ya paa la duka lile anabadilisha bati bovu, akachungulia chini, akamwona anakimbilia kivulini kashika mashavu, akasema "dada, wewe umeezua bati mwenyewe, sasa unagombana na jua kuingia?" mtu wa kwanza kumchekesha juu ya uso wake, alicheka mpaka akalia, akaolewa naye kwa sababu ya mzaha ule, na sasa... teke, wapi hilo, mgongoni... na Yai alipozaliwa mweusi, mweusi wa baba yake, mweusi wa kung'aa, watu wakasema ee, huyu hakuchukua kwa mama hata kidogo, akala kiapo kitandani palepale, huyu hatapaka mkorogo, sumu haitamgusa, lakini na jua halitamla, halitamwongeza weusi wakamcheka, halitamchubua, nitasimama kati yake na jua mpaka nife, na kasimama, nani mwingine angesimama hivyo, miaka miwili na ushei gizani na mtoto, akishona mapazia ya watu wengine wanaotaka tu usingizi, yeye akijishonea ngome.

"Mama, sitaki ujisikie vibaya," daktari kaanza hivyo, na mtu akianza hivyo ujue kisu kiko njiani, "nakueleza ili tusaidiane, mwili unatengeneza vitamini D kwa jua linalogusa ngozi, na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia mifupa iwe migumu, sasa weusi wetu ni kinga, unazuia jua lisituunguze haraka, lakini kinga hiyohiyo inapunguza kasi, mtoto mweupe akikaa juani muda mfupi kashapata yake, huyu wako anahitaji kukaa zaidi, si kidogo, zaidi, na huyu hakai kabisa, halafu una mapazia na losheni juu yake," na yeye anasema lakini jua linaharibu ngozi daktari, anasikia sauti yake inapanda, jua linaharibu, mimi ni shahidi, "linaharibu, sikatai, hata ngozi nyeusi inaungua na inazeeka, na aliyejichubua ndiyo zaidi, maana kajivua kinga yake, lakini mtoto hajajichubua, mama, mtoto kinga yake anayo, kazaliwa nayo," kajichubua, kasema kajichubua, ananiona kwenye simu? anayaona mabaka? akataka kuitupa ile simu ukutani, akataka kuuingiza mkono ndani ya simu amkamate daktari shingo, amkabe mpaka anyamaze, kwa nini unaniambia sasa, kwa nini hukuniambia juzi, "hayo matege si ya kurithi, mifupa laini hiyo inapinda kwa uzito wake mwenyewe, na vifundo vile vya mikono vilivyonenepa, na huo mkono, mama, mfupa wa namna hii hauhitaji mtu mbaya, unavunjika kwa kumvalisha nguo, kwa kumnyanyua, mtu yeyote angemnyanyua ungevunjika," angemnyanyua, nilimnyanyua tu, nilimnyanyua... nje mkanda, na huu mlio haukuwa mtamu, ulimwingia yeye, mgongoni kwake, akajikunja, "na ule ufa wa ubavuni?" hiyo ni sauti yake mwenyewe anauliza, ndogo, ya mtoto wa shule, na daktari anasema "ni vilevile, inaweza kuwa kwa kubanwa kidogo, mbeleko, au mtu kumkumbatia kwa nguvu," na mbeleko anafunga nani, fundi hajawahi kufunga mbeleko maisha yake, mbeleko anafunga yeye, anakaza, anakaza fundo mara mbili shuka lisidondoke jua likaingia, na siku ile mtoto alipolia njiani akafikiri jua limempata mguu, akakaza zaidi, alikaza na mtoto akatoa sauti kama kuku, akamwambia nyamaza mwanangu, tunafika, tunafika...

Basi ni mikono yake, mikono hii, huu ulioshika simu na huu ulio kwenye komeo, aliitazama kwenye lile giza la mapazia, minono, ina alama za sindano, imevunja mtoto polepole miaka miwili kwa mapenzi, na aliyelipia yuko uani, na sasa kila kitu kilichokuwa ushahidi kikageuka kinamtazama, analia akishikwa, alikuwa anaumwa mifupa, alikuwa anaumwa mwili mzima na mama yake anamfungia madirisha, na ile tu ya fundi, ile tu haikuwa ya baba yake, kuna tu ya kweli duniani, hakujua, hakuna aliyemwonyesha, alidhani zote zimetoka mfuko mmoja, na kimya chake, mbona kimya, akabana sikio kwenye chuma cha mlango, chuma cha moto kwa jua, kikamuunguza shavu hakujali, na kwa mara ya kwanza tangu waanze akaisikia sauti ya mume wake, nzito, ya mtu mwenye damu mdomoni, inasema "taratibu jamani, shemeji, taratibu, mtoto kalala humo," ndiyo maana, hakuwa na hatia ya kunyamazia, alikuwa na mtoto wa kutomwamsha, Mungu wangu, anapigwa kwa kunong'ona... fungua, fungua mlango, ni komeo moja, ni neno moja, acheni, mkono ukalishika komeo na haukulivuta, mbona hauvuti, vuta, na akaelewa kwa nini hauvuti, akaelewa waziwazi na akajichukia, kwa sababu mlango ukifunguka kuna nyuso tatu, kaka mkubwa atauliza kwa nini, kaka mkubwa aliyeapa aliyemgusa huyo mtoto atatambaa, na atalazimika kusema ni nani, na mbaya kuliko kaka mkubwa ni yule aliye chini mchangani, atainua kichwa, atamtazama, ataelewa tu kwamba mke wake alimwona juzi mikono hewani na akachagua kumwona baba yake, na hilo hawezi, kupigwa anaweza, aingie yeye chini ya mkanda ule anaweza, afadhali, lakini kutazamwa hivyo hawezi, dakika moja tu, anahitaji dakika moja ya kupanga maneno, "habari njema," daktari anasema, "inatibika, nitampa matone, mtoe nje kila siku jua likishapanda kidogo, kabla halijawa la kuchoma, miguu na mikono wazi, mifupa yake itakaza, hata miguu itanyooka, bado mdogo, na mwambie baba yake asijilaumu, juzi nilimwona analia koridoni," analia koridoni, hakumwona, alipita pembeni yake na mtoto begani kama anapita ukuta... na nje kukatulia, ghafla, kutulia kubaya kuliko kelele, chuma kinaburuzwa mchangani, nondo, ile iliyobaki ujenzi wa choo, kisha hatua, kisha vidole vinagonga mlango kidogo, kwa adabu kabisa, na sauti ya kaka mkubwa kwa karibu, upande wa pili wa chuma, shavu kwa shavu na yeye, "mdogo wangu, ulisema mkono upi, wa kushoto au wa kulia?"

Kushoto alisema yeye, leo asubuhi, avunjwe uleule wa mtoto, neno la kusema sasa ni moja, acheni, fupi kuliko jina la mtoto baba yake anavyolivuta akirudi kazini, lilikuwepo, lilifika kwenye meno, "mama, umenisikia? upo?" na yeye akageuza mdomo kwenye simu kama mtu anayegeukia kivuli, alikuwa amesikia kila neno, angeweza kulirudia moja moja mpaka siku ya kufa, akasema samahani daktari, hapo mwisho simu ilikatikakatika, naomba urudie tangu mwanzo, na nyuma ya mlango kaka mkubwa akangoja, akangoja jibu, akashusha pumzi, kisha akasema, si kwake, kwa mdogo wao, "basi mshike yote miwili," na sikioni daktari, bila kuchoka, kwa sauti ya kumbembeleza mtu aliyechelewa kuelewa, akaanza upya, "nasema hivi, mama, mtoto hakuvunjwa na mtu..."